Sura ya Sita: Kibirika cha Petroli

Ukimkuta mwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe kwenye foleni ya feri Likoni, saa nane za mchana, tupia jicho kiti cha pembeni yake. Utaona chupa ya maji na kitambaa. Maji yale si ya kunywa. Foleni ikisimama robo saa, mwenyewe atashuka, atazunguka nyuma iliko injini, atainua boneti, atakilowesha kitambaa na kukifunga juu ya pampu ya mafuta kama anayemkanda mgonjwa wa homa. Walio nyuma yake watapiga honi. Muuza njugu atatoa ushauri. Baada ya dakika tano gari litawaka, au halitawaka, na hapo vijana wa kusukuma wataanza kutaja bei.

Mimi kitambaa hicho nilikuwa nacho miaka minne. Gari langu ni 1300 ya mwaka 1968, na muda wote huo niliamini ugonjwa wake ni kabureta. Nilibadilisha kabureta mbili. Kumbe petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vyepesi vyake huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 35 hadi 40 hivi. Mombasa mwezi wa Machi hewa yenyewe iko karibu na hapo, seuze chuma kilichoshikana na injini. Pampu ya asili ya gari hili imefungwa kwenye injini, nyuma kabisa, ilhali tangi liko mbele. Ili mafuta yafike, pampu inabidi iyavute urefu wote wa gari, na petroli inayovutwa hupungua presha, na ikipungua presha huchemka mapema zaidi. Ukizima injini kwenye foleni, feni nayo inasimama, joto linapanda, na ukitaka kuwasha tena pampu inavuta mvuke mtupu.

Dawa ni mafuta yasukumwe kutoka kwenye tangi badala ya kuvutwa na injini, tena yasukumwe kwa nguvu, kwa sababu petroli iliyobanwa haichemki upesi. Injeksheni hudai yote mawili. Ndiyo maana anayehamia injeksheni akafanya kazi ya mafuta vizuri husahau kitambaa, na anayeifanya vibaya hununua kitambaa cha pili.

Watu wengi huanza na kompyuta. Nimeketi kwenye gereji za Mtopanga na Magongo nikiwasikiliza: injekta za gari gani, kompyuta ya aina gani, nani ataipanga kwa laptopu. Tangi halitajwi. Kisha gari likianza kukohoa linapopanda daraja la Nyali, lawama zote zinaiangukia kompyuta, ambayo haina kosa ila kuamini ilichoambiwa. Imeambiwa presha ni baa 3. Injekta ni kitundu chenye mlango unaofunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kompyuta huhesabu mafuta kwa muda ambao mlango uko wazi. Presha ikishuka hadi baa 2, mlango unafunguka muda uleule na mafuta yanapita pungufu. Injini inachoma kikavu, na injini inayopozwa kwa hewa kama hii ikichoma kikavu huunguza valvu kabla dereva hajajua lolote.

Kabureta haina makuu. Ni bakuli lenye kielea, likijaa linajifunga, na baa 0.2 au 0.3 zinalitosha. Zile injeksheni za injekta moja au mbili zinazokaa mahali pa kabureta, kama walizotumia General Motors miaka ya 1980, huridhika na chini kidogo ya baa 1. Injeksheni ya kawaida ya injekta kwa kila silinda hutaka kama baa 3, na ule mtambo wa zamani wa Bosch uitwao K-Jetronic, uliokuwa kwenye Mercedes nyingi, hufika baa 5. Ili upate picha: tairi la mbele la Volkswagen yangu hujazwa takriban baa 1.2. Sasa fikiria paipu iliyopita chini ya miguu ya abiria ikiwa na zaidi ya mara mbili ya presha hiyo, na ndani yake petroli.

Kuna watakaosema ni dhambi kuligusa gari la kale. Volkswagen zilishinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962 kwa kabureta, wataniambia, kwa hiyo kabureta yatosha. Ni kweli zilishinda, lakini mwenye kushindana hakai foleni. Isitoshe, Peugeot walikuwa wakiuza 404 yenye injeksheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Volkswagen wenyewe waliitia kwenye mgongo wa kobe wa soko la Marekani mwaka 1975. Mimi nafuata walipopita wenye gari.

Nilianza na njia iliyoonekana rahisi: pampu ya umeme ya presha kubwa, iliyofungwa nje ya tangi, chini ya gari. Pampu za namna hii zilikuwa kwenye Mercedes na Volvo za miaka ya 1980, na kwa wauza spea bado zipo, mpya na kuukuu, za kweli na za bandia. Zina sharti moja. Kusukuma zinajua, kuvuta hazijui. Lazima zikae chini ya usawa wa mafuta ili yaziteremkie yenyewe. Kwa Volkswagen hilo ni jepesi, kwani tangi limekaa juu ya ekseli ya mbele, na mwaka ule wa 1975 kiwanda nacho kiliiweka pampu hukohuko mbele na kuongeza paipu ya kurudishia mafuta. Basi nikajiona mjanja. Nikaifunga, nikaiunganisha na tundu la asili la tangi, nikawasha.

Ikalia. Pampu nzima hulia kama mbu wa mbali; hii ilisaga kama kinu kilichoingiwa na kokoto. Fundi wangu, kijana wa Mwandoni ambaye hapendi kuonekana anamfundisha mtu wa umri wangu, alikaa kimya siku tatu. Ya nne akasema, “Mzee, hii pampu ina kiu.”

Alikuwa amesema kweli. Tundu la tangi la gari la kabureta lina upana wa milimita sita hivi, na humo ndani mna kichujio cha waya. Kabureta ilikuwa ikinywa kwa kijiko. Pampu ya injeksheni hupitisha lita 80 au 100 kwa saa hata kama injini inachoma lita 8 tu, kwa sababu ziada yote hurudi ilikotoka. Ukiinyima mdomo mpana inalazimika kuvuta, na tukivuta tunarudi kwenye mvuke. Mvuke unaopasuka ndani ya pampu hula chuma chake. Ile yangu iliishi wiki saba. Mdomo wa kuingilia unatakiwa uwe wa milimita 12 au zaidi, mpira wake uwe mfupi, usiwe na kona kali.

Kuna tatizo la pili ambalo hata tundu pana haliliondoi. Tangi likibaki robo, ukikata kona kwa kasi au ukiteremka ule mwinuko wa kuingilia feri, mafuta hukimbilia upande mmoja na tundu linabaki wazi kwa sekunde moja. Kabureta haijali, ina bakuli lake. Injeksheni inameza hewa na gari linashtuka.

Njia iliyo safi kuliko zote ni kuiweka pampu ndani ya tangi lenyewe, kama ilivyo kwenye kila Probox unayoiona ikipakia miraa. Fungua tangi la Probox utoe kile kidude kizima: pampu, soksi ya kuchujia, filta na regyuleta, vyote vimekaa pamoja, na paipu moja tu inatoka ikiwa na presha ya baa 3 na ushei. Petroli inayoizunguka huipoza pampu na kuifunika sauti. Sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane imetufungia mlango wa magari ya kale, lakini spea zilizotumika kutoka Japani zinashuka bandarini bila kikomo, na kidude hiki ukikikosa Changamwe basi hukutafuta. Mwenye Toyota DX au Peugeot 504 ningemshauri aanze hapa asiangalie kwingine.

Apime kwanza. Chukua kijiti kilichonyooka, kipitishe kwenye tundu la kielea, kiweke alama, ulinganishe na urefu wa kidude. Miguu yake ina springi na hukubali kubonyea kidogo, ila haifanyi miujiza. Pili, kielea kilichokuja nacho kinazungumza lugha ya geji ya Toyota. Ukikiunganisha na geji ya zamani itakwambia tangi limejaa na wewe umebaki na harufu. Ng'oa kielea kipya, acha cha zamani mahali pake.

Kwangu kijiti kilikataa. Tangi la Volkswagen ni pana na la kina kifupi, chini kuna mabonde. Nikabaki na njia ya tatu, ambayo mafundi huitaja kwa majina mbalimbali na mimi naiita kibirika, kwa kuwa inafanya kazi kama birika la kutawadhia msikitini. Kisimani maji hupanda na kushuka, ndoo huja na kutokuja, lakini birika liko juu ya kiwango na anayechota hajui shida ya kisima. Kibirika cha petroli ni kitangi cha lita moja au mbili, kirefu chembamba, kinachojazwa kutoka tangi kubwa saa zote. Pampu ya presha kubwa huchota chini yake. Hewa ikiingia hupanda juu na kutoka kwa paipu nyembamba inayorudi kwenye paa la tangi. Paipu hiyo ya juu ndiyo watu husahau, kisha wanashangaa kwa nini kibirika hakijai. Kimejaa, ila kimejaa hewa.

Wapo wanaoiacha pampu ya asili nyuma, iendelee kujaza kibirika kilichofungwa ndani ya chumba cha injini. Kazi inakuwa rahisi na gharama ndogo, na sikubaliani nao hata kidogo. Bloku ya injini hii imetengenezwa kwa madini ya magnesiamu. Magnesiamu ikishika moto haizimwi kwa maji, maji huichochea. Sitaki lita mbili za petroli ziwe jirani yake. Changu kiko mbele, chini ya tangi, kinajazwa kwa mteremko tu bila pampu ya kusaidia. Alinitengenezea mchomeleaji wa Kongowea kwa bomba la chuma kisichoshika kutu, na alipouliza ni cha nini nikamwambia, akacheka, kisha akakirudia kukichomelea mara ya pili bila kuombwa.

Kupanua tundu la tangi, hata hivyo, ndiko kulikonitisha, na hapa naomba msomaji asiende mbio. Tangi lililojaa petroli haliripuki kirahisi. Tangi tupu ndilo bomu. Petroli hutoa mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, mvuke huo ni mzito kuliko hewa hivyo hukaa chini hautoki, na hewa ikiwa na kiasi cha asilimia moja na nusu tu ya mvuke inatosha kuwaka kwa cheche. Tangi lililokaa wazi juani wiki nzima bado lina mvuke, kwa kuwa utando wa mafuta ya zamani umejificha kwenye mikunjo ya bati na ukipashwa moto unafufuka. Ukinusa ukasema halina harufu, hiyo ni pua yako iliyozoea.

Tangi langu lilikuwa na zaidi ya utando. Limeonja petroli iliyosafishwa Changamwe tangu miaka ya mwanzo ya kiwanda kile, kilichofunguliwa 1963. Likanywa ya risasi mpaka risasi ilipoondolewa Kenya mwanzoni mwa 2006. Likaendelea hata baada ya kiwanda kuacha kusafisha mafuta 2013, tukawa tunachoma yaliyokuja yamesafishwa tayari kwa meli za Kipevu. Masalio ya historia hiyo yote yalikuwa yamelala chini, rangi ya kahawa tungu, na juu yake kutu. Hewa yetu ya chumvi hufanya kazi usiku: tangi likiachwa nusu, unyevu hutua kwenye bati, na asubuhi kuna tone la maji. Kabureta huvumilia unga wa kutu. Injekta haivumilii.

Tuliliosha kwa maji moto na sabuni mara tatu. Tukatia kokoto safi na siki, tukaziba matundu, tukalibingirisha uani mchana kutwa. Watoto wa jirani walidai zamu. Tulipoyamwaga yalitoka maji ya rangi ya ukwaju, kisha mekundu, kisha ya kijivu, na mara ya tano yakatoka meupe. Siku ya kuchomelea tulilijaza maji pomoni, tukaliinamisha mpaka sehemu ya kuchomelea tu ikawa juu ya maji, tundu la kujazia likiwa wazi mvuke upate njia. Mchomeleaji anayekwambia hayo ni maringo na kwamba yeye hutumia tangi kavu kila siku, mshukuru, ubebe tangi lako uondoke.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya mipira, na mipira ndiyo iliyowaponza wengi. Ule mpira mweusi wa kawaida unaouzwa kwa futi ni wa kabureta. Ukiutia baa 3 hautapasuka leo. Utavimba taratibu, utafanya nyufa karibu na klipu, na utapasuka siku ya safari. Usome mpira kabla ya kulipa: kwenye ubavu pameandikwa kwa herufi nyeupe, na unalotafuta ni J30R9 au 30R9. Ukikuta R7, urudishe kaunta. Ukiwa umetia pampu ndani ya tangi, kipande kilichozama kwenye petroli kinatakiwa kiwe R10, maana R9 imetengenezwa kuvumilia petroli ndani, si nje. Ikizama hulainika kama mkate kwenye chai. Klipu nazo ziwe za ukanda laini usio na matundu. Zile za meno hukata mpira zinapokazwa.

Paipu ya chuma iliyopita kwenye handaki la katikati ya gari sikuiamini. Iko moja, nyembamba, ina umri wangu karibu, na kutu huanza ndani isikoonekana. Kwa baa 0.3 kitundu cha sindano hutoa jasho. Kwa baa 3 kinatoa dawa ya kupuliza. Nilipitisha mpya ya milimita 8, ya shaba iliyochanganywa na nikeli, ile ile ya breki. Shaba tupu huwa ngumu kwa mtikisiko na kukatika.

Mwenye paipu moja atauliza mafuta yatarudi kwa njia gani. Si lazima yafike nyuma ndipo yarudi. Volkswagen za miaka ya karibuni, Golf na Polo, zina filta yenye regyuleta ndani yake na midomo mitatu: moja ya kuingia, moja ya kwenda kwenye injini, moja ya kurudi. Niliifunga mbele karibu na kibirika. Ziada hugeuzwa hapohapo, haiendi kuota moto wa injini na kurudi na joto, kwa hiyo kibirika kinabaki na ubaridi wake. Soma namba ya filta kwa makini: zipo za baa 3 na za baa 4, na kwa macho ni pacha.

Kwa umeme nitasema machache, sura ijayo inauhusu. Volkswagen nyingi za kabla ya Agosti 1967 ni za volti 6, na pampu hizi ni za 12. Mwenye gari hilo abadilishe kwanza umeme wote. Pampu ya zamani injini ikifa nayo hufa. Ya umeme haifi. Gari likigongwa, swichi ikiwa wazi, itaendelea kumwaga petroli juu ya walio ndani. Kwa hiyo waya wake upite kwenye rilei inayotawaliwa na kompyuta, ambayo huiwasha sekunde mbili ukifungua ufunguo, kisha huizima isipohisi injini inazunguka. Juu ya hiyo ongeza swichi ya kugongwa, inayokata umeme kwa mshtuko. Land Rover na Ford nyingi zilizokufa zinayo, na anayezivunja huwa hajui thamani yake.

Kabla ya kuwasha injini tulifunga geji ya presha, tukaifanya pampu ifanye kazi yenyewe kwa dakika ishirini, betri ikiwa imepelekwa mbali kwa waya mrefu. Kila kiungo tulikizungushia karatasi ya chooni nyeupe, kwa sababu petroli hukauka kabla ya jicho kuiona lakini karatasi inaweka alama. Viungo vilikuwa kumi na vinane. Mshale ulikaa kwenye 3. Fundi akalala chini ya gari na tochi, akiita namba moja moja nami nikiziandika, na kwenye ya kumi na moja akanyamaza, kisha akasema niizime. Ukingo wa karatasi ulikuwa na doa dogo, la ukubwa wa punje ya mtama. Klipu ilikuwa imekaa mshazari. Tukaifungua, tukakata mpira nusu inchi, tukafunga upya, tukabadilisha karatasi zote kumi na nane, tukaanza kuhesabu dakika ishirini nyingine.